Mara Moja Tu

Chukua simu yako, tafuta meseji ya mwisho ya LUKU, angalia tarakimu ya kwanza kati ya zile ishirini. Haitakuwa 8 wala 9. Tafuta ya mwezi uliopita, mwombe na jirani akuoneshe zake, hutaikuta. Sifuri utaiona, saba utaiona, kuvuka hapo hapana. Hakuna kikao kilichokaa kuipiga nane marufuku. Tokeni ya umeme ni namba moja kubwa inayoandikwa kwa biti 66, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia humo ina tarakimu 20 na inaanza na 73. Nane haina pa kukaa.

Zoezi hili mimi huwapa vijana wanaoanza kazi ya mifumo kabla sijawaruhusu kugusa kompyuta. Wengi wanakuja wakitaka kutengeneza aplikesheni, iwe na rangi, iwe na picha ya mtu anacheka, na mimi nawarudisha kwenye kisanduku ambacho wamekuwa wakikiingizia namba tangu wakiwa wadogo, wakitumwa na mama zao. Nikiulizwa programu ninayoiheshimu kuliko zote nyumbani kwangu, sitaji yoyote iliyo kwenye simu. Nataja ya mita. Kueleza kwa nini itabidi nipitie kazi yangu mwenyewe, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ni kukaa katikati ya pesa ya mteja na tokeni yake.

Mfumo huu ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shirika la umeme la huko, Eskom, lilikuwa linaunganisha nyumba nyingi ambazo hazijawahi kuwa na umeme, na katika mitaa mingi watu walikuwa wamegomea bili kwa miaka kama sehemu ya kupinga utawala wa ubaguzi wa rangi. Kumtuma msoma mita kila mwezi, halafu kumfuata mtu kwa deni, kulikuwa kugumu kwa gharama na kugumu zaidi kwa siasa. Umeme wa kulipia kabla ukaonekana ndiyo njia. Viwanda vilishaanza kutengeneza mita za namna hiyo, lakini kila kimoja kwa utaratibu wake, hivyo mita ya kiwanda hiki haikuelewana na mashine ya kuuzia ya kiwanda kile. Wakakubaliana kiwango kimoja, Standard Transfer Specification, kwa kifupi STS, ambacho baadaye kikapanda kuwa kiwango cha kimataifa, IEC 62055-41. Tanzania tunaiita LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Kenya wanazungumzia tokeni za stima. Ndani ni kitu kilekile.

Tazama walichokuwa nacho mkononi hao wabunifu. Kisanduku kiko ukutani, hakina laini ya simu, hakina intaneti, hakina hata habari ya leo ni tarehe ngapi. Ofisi iko mbali. Katikati yupo binadamu mwenye karatasi na vidole. Wakaamua huyo binadamu ndiye awe waya. Ujumbe wote wa ofisi kwenda kwa mita utapita mkononi mwake, kwa hiyo lazima uwe mfupi, uwe wa tarakimu tupu, na ustahimili kukosewa.

Ndani ya zile biti 66, biti 16 zinataja kiasi cha umeme, hadi sehemu ya kumi ya uniti. Biti 16 nyingine ni za ukaguzi: mita inapiga hesabu yake, na isipolingana inajua kuna tarakimu imekosewa. Chache zinasema tokeni hii ni ya aina gani, chache nyingine zinawekwa kwa kubahatisha tu. Zinabaki biti 24 za namba ya utambulisho wa tokeni, na hizo ndizo zilizotupa kazi mwaka 2024, nitazifikia. Karibu vyote hivyo vinafumbwa kwa ufunguo ambao ni wa mita hiyo peke yake. Ndiyo maana tokeni ya jirani ukiingiza kwako haina maana yoyote, hata kama ameilipia laki.

Namba ya mita nayo ina ujanja wake. Tarakimu yake ya mwisho haina habari mpya. Inakokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, kwa kanuni iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM katika miaka ya 1950, kanuni ileile inayotumika kwenye kadi za benki. Ukikosea tarakimu moja, mfumo unakukatalia pale pale. Ukigeuza mbili zinazofuatana, karibu mara zote unakukatalia pia, isipokuwa ukiandika 09 palipotakiwa 90, au kinyume chake. Hapo inapita. Kinachoipiga chenga kabisa kanuni hiyo ni mtu aliyeandika kwa usahihi namba ya mita isiyo yake, kwa mfano ya nyumba aliyohama. Namba hiyo haina kosa lolote. Umeme unakwenda kwa mpangaji aliyepo sasa, na kumwomba arudishe ni suala la ujirani, mimi simo.

Sasa tuje kwenye lile lililonifanya niipende mita.

Waya wa binadamu una tabia moja mbaya: unaweza kurudia ujumbe. Tokeni ikishaingia kwenye simu inakaa humo miaka. Nini kinamzuia mtu asiiingize tena kesho, na keshokutwa? Mita haiwezi kupiga simu ofisini kuuliza. Inachofanya ni kutunza orodha ya namba za utambulisho za tokeni ilizopokea karibuni. Ikiletewa iliyomo kwenye orodha, inaandika kwamba imetumika. Ikiletewa yenye namba ndogo kuliko zote zilizomo, inaikataa pia, kwa kuwa ni ya zamani mno. Ikiletewa mpya, inakubali, inaongeza uniti, inaiandika. Kwa hiyo unaweza kununua tokeni tatu leo ukaziingiza kwa mpangilio wowote utakao, na kila moja itahesabika mara moja tu. Unaweza kubonyeza rimoti ya mita kwa hasira mpaka betri ziishe; uniti hazitaongezeka wala kupungua kwa hasira zako.

Mara moja tu. Ukimwambia mtu asiye wa kazi hii kwamba hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika mifumo ya pesa, anadhani unajikweza. Lakini hapo ndipo mishahara yetu inapotoka.

Mteja yuko Mbagala, saa mbili usiku kasoro dakika kumi na nane, umeme umeisha katikati ya taarifa ya habari. Anafungua menyu ya simu, anachagua kulipia LUKU, anaweka namba ya mita, kiasi, namba ya siri. Pesa inatoka kwenye akaunti yake. Kampuni ya simu inatuma ombi kwetu, sisi tunalituma kwenye mfumo unaotengeneza tokeni, tokeni inarudi kwetu, sisi tunaipeleka kwenye simu yake. Siku nzuri, yote hayo ni sekunde chache. Kwenye kumbukumbu za seva yetu, siku mbaya inaonekana hivi: 16:42:07, ombi limetumwa. 16:42:37, muda wa kusubiri umekwisha, tumefunga mlango. 16:42:39, jibu limefika.

(Saa kumi na dakika arobaini na mbili jioni? Hapana. Seva zetu zinaandika saa za dunia, UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Simu ya mteja inasema 19:42. Yeye mwenyewe akipiga simu huduma kwa wateja atasema saa moja na dakika arobaini na mbili. Muda ni mmoja, namba ni tatu, na mfanyakazi mgeni anayetafuta muamala wa saa moja usiku kwenye kumbukumbu huenda akautafuta 01:00 mpaka kukuche. Tuna karatasi imebandikwa ukutani kwa ajili hiyo. Halijavumbuliwa jambo bora kuliko karatasi.)

Rudi kwenye zile sekunde mbili. Ilipofika 16:42:37, sisi tulijua nini? Tulijua tumetuma. Hatukujua kama ombi letu lilifika. Huenda lilipotea njiani na tokeni haikutengenezwa. Huenda lilifika, tokeni ikatengenezwa, jibu ndilo likapotea. Ukikaa upande wetu, hali hizo mbili zinafanana kabisa, na hakuna kifaa cha kununua kitakachokuonesha tofauti. Hili lina historia yake: mwaka 1975 watafiti Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walionesha kwamba pande mbili zinazowasiliana kwa njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kamwe kufikia uhakika kamili kwamba zimekubaliana, hata zikitumiana uthibitisho juu ya uthibitisho. Miaka mitatu baadaye Jim Gray akaliita kitendawili cha majenerali wawili: jeshi la huyu liko kilima hiki, la yule kile, adui bondeni, na mjumbe anayepita bondeni anaweza kukamatwa. Jenerali wa kwanza anatuma, "Tushambulie alfajiri." Wa pili anajibu, "Nimekubali." Je, jibu limefika? Hajui. Hathubutu kwenda mpaka athibitishiwe, na yule anayethibitisha naye anataka kujua kama uthibitisho wake umefika.

Gray alitumia maisha yake ya kazi kwenye suala hili la muamala, na mwaka 1998 akapewa Tuzo ya Turing. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake na mashua yake kwenda kumwaga majivu ya mama yake baharini karibu na visiwa vya Farallon, na hakuonekana tena. Wiki chache baadaye, Machi 2007, M-Pesa ikaanza Kenya. Tanzania ikafuata mwaka uliofuata. Sidhani kama Gray aliwahi kumfikiria mtu wa Mbagala anayelipia umeme kwa simu ya batani. Lakini kila usiku sisi tunakaa kwenye vile vilima vyake viwili.

Kwa kuwa uhakika haupatikani, kazi inakuwa kupanga namna ya kurudia bila kudhuru. Njia ya kijinga ni kutuma upya ombi lilelile kana kwamba ni jipya: mteja akalipia elfu tano, mfumo ukatengeneza tokeni mbili, sisi tukadaiwa elfu kumi. Njia sahihi ni kila ombi kupewa namba yake ya kumbukumbu tangu mteja anapobonyeza, kabla halijatoka mlangoni, na namba hiyo isibadilike hata ukituma mara ishirini. Mfumo wa upande wa pili ukiiona kwa mara ya kwanza, unatengeneza tokeni. Ukiiona tena, unarudisha tokeni ileile. Huo ndio ujanja wa mita, umehamishiwa kwenye seva. Ukieleza hivyo inaonekana ni jambo la dakika tano. Ugumu unakuja pale ambapo mfumo wa upande wa pili uliandikwa na watu ambao hawakuwahi kufikiria kwamba ombi linaweza kuja mara mbili, na sasa hawapo, na waliobaki wanaogopa kuugusa. Mifumo hiyo ni mingi kuliko mnavyodhani.

Kitu kingine kilichonichukua muda kuwaaminisha wenzangu ni kwamba muamala una hali tatu. Mtu anayeandika programu kwa mara ya kwanza anaweka mbili: umefanikiwa, umeshindikana. Muda wa kusubiri ukiisha, anaandika umeshindikana, na akiwa mwema anarudisha pesa papo hapo. Mteja anapokea pesa yake, halafu sekunde mbili baadaye anapokea na tokeni. Anashukuru Mungu, anaingiza, anawasha televisheni. Hali ya tatu ni "haijulikani", na inatakiwa iwe na safu yake kwenye hifadhidata, ripoti yake, na mtu wa kuilinda mpaka itatuliwe. Wahasibu hawaipendi. Mameneja wanaichukia, maana kwenye chati inakuwa na rangi ya njano isiyokuwa na maelezo.

Ugomvi mkubwa niliowahi kuuona ofisini ulikuwa wa meseji. Muda ukiisha, umwambie nini mteja? Menyu ya USSD inabeba herufi 182, meseji ya kawaida 160. Watu wa masoko walitaka "Samahani, muamala wako umeshindikana. Tafadhali jaribu tena." Fupi, ya adabu, na ni uongo; halafu inamwamuru mtu afanye lile hasa linaloleta hasara. Sisi tulitaka "Ombi lako limepokelewa, bado halijakamilika. Usilipe tena. Utapata tokeni au pesa yako itarudi." Wakasema inatisha. Mtu yuko gizani, unamwambia usilipe tena? Hoja yao ilikuwa na uzito. Aliye gizani hasubiri. Atalipa tena kwa mtandao mwingine, au atamtuma mtoto kwa wakala, na kesho yake asubuhi atakuwa na tokeni mbili na simu mkononi.

"Mwanangu, mmenikata mara mbili."

"Shikamoo mama. Pole sana. Namba ya muamala unayo hapo?"

"Marahaba. Namba ninazo mbili, ndiyo maana nimekupigia."

Mazungumzo kama hayo yamenifundisha zaidi kuliko kozi. Mama kama huyo ana namba zote mbili. Mashine ilimpa kumbukumbu, naye akaitunza kuliko sisi. Nikitengeneza risiti nahakikisha namba ya muamala iko mwanzo wa meseji, ili isikatwe kwenye kioo cha simu ndogo, na haina herufi O wala I zinazochanganywa na sifuri na moja pale mtu anapomsomea mwenzake kwa simu. Hakuna atakayenipa tuzo kwa hilo.

Kazi hii imenibadilisha hata ninavyotumia vifaa vyangu. Nina simu janja kama watu wote, na pembeni nina kitochi kinachobeba laini ya pesa. Kitochi hakiniombi bando, hakinitaki nikubali masharti mapya kila Jumatatu. Maandishi yangu, pamoja na sura hii, nayaandika kwenye mafaili ya maandishi matupu na kuyatunza kwa Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikiandika Aprili 2005 kwa ajili ya kusimamia programu ya Linux. Nakipenda kwa sababu mbili. Kinafanya kazi yote ndani ya kompyuta yangu bila intaneti, kwa hiyo umeme ukikatika naendelea mpaka betri ikubali yaishe. Na kila kitu kinachohifadhiwa humo kinaitwa kwa jina linalokokotolewa kutoka kwenye maudhui yake yenyewe; ukihifadhi kitu kilekile mara mia, kinabaki kimoja. Torvalds na wale wa mita hawakuwahi kukaa meza moja, lakini woga wao ni mmoja.

Kwenye simu janja woga huo siuoni. Programu nyingi zinazotuzunguka zimeandikwa kwa imani kwamba mtandao upo, umeme upo, na mtu hana haraka. Unabonyeza "tuma", kiduara kinazunguka, unabaki unakitazama. Umetuma au hujatuma? Mwandishi wa programu hakutaka kukwambia, au naye hajui. Mita, kwa ufinyu wake wote, haijawahi kunizungushia kiduara. Ama imekubali, ama imekataa na sababu yake.

Lakini haikuwa na ulinzi wa milele, na hapa ndipo zile biti 24 zinapoingia.

Namba ya utambulisho wa tokeni ni hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Ukinunua umeme leo, mfumo unahesabu ni dakika ngapi zimepita tangu siku hiyo na kuiandika. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216. Gawa kwa 1,440 upate siku, utaona ni miaka thelathini na moja na ushei, na mwisho wake uliangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri. Kumbuka mita inavyofikiri: namba ndogo kuliko zote zilizo kwenye orodha ni ya zamani, ikataliwe. Kila tokeni halali iliyotolewa baada ya siku hiyo ingeonekana ya kale, na nyumba zingekaa gizani zikiwa na risiti mkononi. Makumi ya mamilioni ya mita duniani.

Dawa ilikuwa kuhamisha mwanzo wa hesabu kutoka 1993 kwenda 2014 na kufuta orodha. Kufuta orodha peke yake kungekuwa balaa, kwa sababu tokeni zote za zamani zilizolala kwenye simu za watu zingefufuka: mita isingekumbuka kwamba ilishazipokea. Kwa hiyo ufunguo nao ulibadilishwa, na kwa ufunguo mpya tokeni za zamani hazisomeki tena. Hata ile uliyokuwa umeinunua ukaiweka akiba bila kuiingiza ilikufa hapo. Hayo yote yalitakiwa yapite kwenye waya uleule wa binadamu. Ndiyo sababu mwaka 2024 wateja wa LUKU walinunua umeme wakaletewa safu tatu za tarakimu ishirini badala ya moja: mbili za kubadilisha ufunguo, ya tatu ya uniti, na lazima ziingizwe kwa mpangilio. Tarakimu sitini, kwenye rimoti yenye vitufe vilivyofutika.

Nilisikia mengi wakati ule. Kwamba ni njama ya kupandisha bei. Kwamba serikali inataka kujua nani ana friji. Na kati yetu wa mifumo kulikuwa na dharau ya aina nyingine: hao waliobuni mwaka 1993 walikuwa wazembe kiasi gani, hata wasione 2024?

Mimi nawatetea. Piga hesabu waliyopiga wao. Kila biti unayoongeza inamwongezea kazi mtu anayebonyeza. Ongeza biti nane, hesabu inadumu zaidi ya miaka elfu nane, na tokeni inafika tarakimu 23. Tarakimu tatu zaidi, kila manunuzi, kila nyumba, kwa miongo mitatu, na kila tarakimu ni nafasi nyingine ya kukosea. Je, wangehesabu saa badala ya dakika? Biti zilezile 24 zingedumu zaidi ya miaka 1,900. Lakini hapo tokeni mbili za mita moja ndani ya saa moja zingegongana, na anayenunua umeme wa elfu moja moja, huku akisubiri mume arudi na kingine, ndiye angeumia. Walichagua kumrahisishia huyo kila siku, na kuwaachia mafundi wa 2024 mzigo wa mara moja. Kati ya maamuzi ya kiufundi niliyoyachambua, ni machache yaliyopangwa kwa haki namna hiyo. Na mzigo wenyewe ulijulikana mapema: tarehe ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kikokotoo.

Lawama, kama ipo, ni ya waliokuja baadaye wakaijua tarehe na kungoja. Hapo sisi wote tumo. Kuna tarehe nyingine inakuja. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na pale ambapo hesabu hiyo imewekwa kwenye biti 32, mwisho wake ni sekunde ya 2,147,483,647. Itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, watu wakiwa kwenye daladala. Ikipita, mfumo usiorekebishwa utadhani uko Desemba 1901. Kompyuta za kisasa zilishahamia biti 64. Kilichobaki kimejificha: aina ya safu iitwayo TIMESTAMP kwenye hifadhidata ya MySQL, vifaa vidogo vya viwandani, programu ambazo chanzo chake kilipotea na kampuni iliyoziandika. Na mkopo wa nyumba wa miaka kumi na tano ukitolewa sasa, marejesho yake ya mwisho yanavuka tarehe hiyo, kwa hiyo benki haina haja ya kusubiri 2038 ili iumie.

LUKU nayo, kwa mwanzo mpya wa 2014, itafika ukingoni Novemba 2045. Kiwango kilishapanga mwanzo utakaofuata, 2035. Huenda wakati huo mita zitakuwa zinazungumza zenyewe na ofisi, na watoto wa hao vijana ninaowafundisha wasijue rimoti ya LUKU ilikuwa kitu gani.

Kwenye mfumo tunaoutunza sasa nimepita safu moja moja nikitafuta muda uliowekwa kwenye biti 32. Za miamala tulizihamisha. Imebaki ya ripoti moja ya kila mwezi ambayo hakuna idara inayokubali kuwa ni yake, lakini kila nikiizima, kabla ya saa nne asubuhi kuna mtu wa mahesabu amenipigia simu kuiulizia.